Masasi ndani ya sufuria

Nilipomwambia mama kwamba huenda kuna risasi ndani ya sufuria yake, aliinuka akaichungulia. Akaigeuza, akaikung'uta chini, akaniangalia. "Masasi iko wapi?"

Kwetu Fizi risasi ni masasi. Mama ameyakimbia mara tatu. Sasa mtoto wake, aliyetoka semina ya siku mbili ya wahudumu wa afya na daftari jipya mkononi, anamwambia yamemfuata mpaka Nakivale na yamekaa kwenye sombe. Nikamweleza kwamba si yale ya bunduki, ni metali yenyewe, ile laini ya kijivu iliyo ndani ya betri ya gari. Kiswahili kimeyapa yote mawili jina moja, na siku hiyo kilinisumbua kweli.

Sufuria ile aliitengeneza shemeji yangu, mume wa dada. Ananunua vyuma chakavu: vipande vya injini, rejeta, makopo ya soda. Anayeyusha kwa mkaa nyuma ya nyumba, anamimina kwenye kalibu ya mchanga. Sufuria zake ni nzito, haziunguzi chakula haraka, na bei yake mtu wa kambi anaiweza. Mtaa wetu karibu wote tunakula humo.

Alumini yenyewe siyo kesi kubwa. Kesi ni vinavyoingia pamoja nayo, kama rejeta iliyounganishwa kwa risasi, au kichwa cha betri kilichosahaulika kwenye gunia. Mwaka 2017 wanasayansi walitoa matokeo ya kupima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, na karibu theluthi vilitoa risasi. Chakula chenye uchachu kama nyanya huitoa zaidi, hasa kikilala humo. Na ule mtindo wetu wa kuchemsha maji mara moja kwenye sufuria mpya na kuyamwaga hauimalizi.

Mwili unaidanganyikia risasi. Unadhani ni kalsiamu, unaihifadhi kwenye mifupa, na huko inakaa miaka na miaka. Mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu huifyonza zaidi, na ninyi mnaogawa posho mnajua tunakula nini tangu ipunguzwe. Kwa mtoto inagusa akili. Kwa mtu mzima inapandisha presha na kuchosha figo polepole, bila kuuma, mpaka siku unaambiwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Mama ana presha, na mwaka jana wakamwambia figo. Je, ni sufuria? Siwezi kusema. Ana umri, anapenda chumvi, amezaa wanane na kuzika watatu. Kituoni wanapima presha na sukari. Risasi ya damu hawapimi. Wanaandika "presha", wanampa vidonge, daftari linafungwa.

Kuna mahali walipima. Jimbo la Washington, Marekani, watoto wa wakimbizi kutoka Afghanistan walikutwa na risasi nyingi kwenye damu. Watu wa afya wakatafuta, wakafika jikoni, kwenye vyombo vya alumini ambavyo familia zilitoka navyo kwao. Mwaka 2024 jimbo likatunga sheria juu ya vyombo vya kupikia. Wakimbizi kama sisi. Ndugu zangu wa mashirika, naomba mchukue hata sufuria kumi tu za hapa mkapime.

Shemeji alikasirika. "Weye unasema sufuria yangu iko na sumu? Batoto bangu batakula nini?" Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Dada alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

Nilikuwa nimeazima mashine ya presha. Nikamwambia leta mkono, basi, tumalize ugomvi. Mia na sitini kwa mia. Ana miaka 36, hanywi, hana kitambi. Ndiye anayeinama juu ya ule moshi kila siku. Tukapima tena, ikarudi ileile. Hapo dada akaacha maharage.

Jioni alikuja kwangu peke yake, akauliza ile ya betri ataijuaje. Nikamwambia nilichofundishwa: ni nzito kuliko ukubwa wake, laini, ukiikwaruza kwa kisu inang'aa. Siku hizi ana magunia mawili, na betri na rejeta haziingii motoni. Haitoshi, najua, alumini aliyonunua inaweza kuwa imeshachanganywa zamani. Tanuru amelisogeza mbali na mlango. Presha yake bado hajaenda kuiandikisha kituoni.

Mama nimemnunulia kisufuria cha chuma kisichoshika kutu, cha watu wawili. Nyanya anapika humo. Lakini Jumamosi kulikuwa na msiba kwa jirani, na sombe ya watu arobaini haiingii kwenye kisufuria. Nilimkuta ameitoa ile kubwa, anaisugua kwa majivu.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Leta kuni."

Nikaleta.