Fimbo na Kamera Katika Mlima Kenya

Wasomaji wengi wa Nyeri, Embu, Meru na Nanyuki huuona Mlima Kenya asubuhi mapema, kabla mawingu hayajaufunika. Walioufikia karibu na barafu yake ni wachache, na waliorudi na picha safi ni wachache zaidi. Mara nyingi picha zao huonyesha vilele vilivyofifia kana kwamba mlima ulikuwa ukitikisika. Penye futi 16,000 pumzi ni fupi, moyo hupiga mbio, na baridi ya alfajiri hukaza vidole. Mikono ya namna hiyo haiwezi kutuliza kamera. Lakini dawa mtu anayo mkononi tangu langoni, nayo ni fimbo yake ya kutembelea.

Anayepanda kwa njia ya Naro Moru hupita msitu na mianzi hadi Met Station, penye futi 10,000 hivi. Kisha huingia katika majani ya milimani yenye tope jingi, na baadaye hushika Bonde la Teleki mpaka kambi ya Mackinder, karibu futi 13,800. Huko kila ratili ya mzigo huhesabiwa, na kigoda cha kamera chenye miguu mitatu ndicho kitu cha kwanza kuachwa nyumbani. Fimbo haiachwi na mtu.

Lenzi ya milimita 200 ikishikwa kwa mikono mitupu yataka mwendo usiopungua sehemu moja ya 200 ya sekunde. Mwanga wa alfajiri mara nyingi hauruhusu mwendo huo. Kamera ikiegemezwa juu ya fimbo, mtu mtulivu aweza kushuka hadi sehemu moja ya 50, pengine hata ya 25. Miguu yake miwili huitanua kidogo, fimbo huisimika mbele yake, na hapo yeye na fimbo wamekuwa mafiga matatu. Viwiko avibane mbavuni, atoe pumzi nusu, ndipo abonyeze. Picha za nyota hazipatikani kwa njia hii. Hizo zataka miguu mitatu ya kweli.

Fimbo za dukani nyingine zina parafujo chini ya kifuniko cha mpini. Mwenye fimbo ya mti aweza kumwomba fundi aitie parafujo ya robo inchi, yenye mizunguko 20 katika kila inchi, maana ndiyo inayoingia chini ya kamera nyingi. Isitokeze zaidi ya milimita 5, isije ikatoboa kamera. Asiye na parafujo ashike kichwa cha fimbo kwa mkono wa kushoto na kulaza lenzi, au simu yake, kati ya kidole gumba na cha shahada. Fimbo yenyewe aje nayo kutoka kwake, kwa maana mlima ni hifadhi ya taifa tangu 1949, na kukata miti humo ni marufuku.

Penye tope fimbo huzama polepole wakati ule ule unapolenga. Itie juu ya jiwe bapa au kichuguu cha majani. Katika Bonde la Teleki inafaa sana kwa chozi, ndege mdogo mwenye kung'aa anyonyaye maua ya lobelia kubwa. Hatulii mahali pamoja, na fimbo hugeuka pamoja nawe upesi kuliko kigoda chochote.

Lakini picha iliyo na thamani zaidi ni ya barafu iitwayo Lewis, chini ya kilele cha Lenana chenye futi 16,355. Mackinder alipofika Batian, tarehe 13 Septemba 1899, Campbell Hausburg alikuwa mpiga picha wa safari ile. Mwaka 1934 Wajerumani wawili, Troll na Wien, waliichorea barafu hiyo ramani. Leo picha zile za zamani zikiwekwa kando ya za sasa, mtu huona mwamba mtupu mahali palipokuwa na barafu nene, na wataalamu wengi wanaona kwamba haitadumu miaka mingi.

Kwa hiyo apandaye na achague jiwe moja lisilohamishika, aandike mahali pake, mwezi na saa, kisha akate alama katika fimbo kuonyesha kimo cha kamera. Mwaka ujao, yeye au mwanawe, atasimama pale pale na fimbo ile ile kwa kimo kile kile, na ukingo wa barafu utapimika bila kubishana. Picha iliyofifia haiwezi kazi hiyo, kwa kuwa ukingo wenyewe hauonekani.

Picha zikiisha, parafujo ifunikwe kwa kizibo ili isishike matope. Mteremko wa kurudi ni mrefu, na magoti yataitaka fimbo kuliko kamera ilivyoitaka.