Usiku wa Engaruka na Land Rover lenye macho ya kibatari

Msomaji wangu, ukitaka kujua kama gari lako lina taa au lina mapambo, usimuulize fundi. Litie njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka saa mbili usiku, mwezi haujatoka, halafu utaniambia.

Sisi tulijua kwa njia hiyo. Tulikuwa wanne ndani ya Land Rover 110 la siku nyingi, tunakwenda Ngare Sero kuona Ziwa Natron na Ol Doinyo Lengai, ule ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu. Mpango ulikuwa kutoka Arusha saa tatu asubuhi. Tukatoka saa tisa alasiri. Aliyetuchelewesha simtaji, maana anasoma gazeti hili, ila foleni ya saluni siku ya Jumamosi mnaijua wenyewe.

Ukifika Makuyuni unakata kulia, lami safi, na Mto wa Mbu tukaingia jua linazama. Mtu mwenye akili angelala pale pale, akala ndizi zake nyekundu, akasubiri asubuhi. Lakini Mjomba (ndivyo wote tunavyomwita dereva wetu, hata wanaomzidi umri) akasema, "Saa mbili na nusu tuko Engaruka." Nani ambishie Mjomba?

Njia hiyo, siku tuliyopita sisi, ilikuwa ya vumbi. Kushoto kwako kuna ule ukuta mrefu wa Bonde la Ufa, kulia ni mbuga tupu mpaka macho yachoke. Mvua ikinyesha juu ya ukuta, maji yote yanateremka na kuchimba makorongo, na makorongo hayaulizi barabara imepita wapi. Vumbi lenyewe si la mchezo. Lengai ulilipuka mwaka 2007 ukamwaga majivu, na hata bila ya hayo, udongo wa huko ni wa volkano, mwepesi kama unga wa sembe. Mchana ni raha tupu, unapiga picha mpaka betri ya simu inakufa. Usiku, bwana wee, ni habari nyingine.

Taa zetu zilikuwa za njano, njano ile ya kibatari kilichoishiwa mafuta. Ukiweka fulu, zinamulika vilele vya migunga. Ukiweka dimu, zinamulika bampa. Mjomba alikuwa anakwenda kilomita 40 kwa saa, mwendo wa harusi, lakini hata mwendo huo unakula mita 11 kila sekunde. Na mwanga wetu ulikuwa unafika mita 20 hivi, nikikadiria kwa ukarimu. Piga hesabu mwenyewe: sekunde mbili hazifiki.

Zikatokea punda. Sikuziona, niliona tu madumu ya njano yakining'inia hewani, halafu mama mmoja wa Kimaasai ananyoosha mikono yote miwili. Mjomba akakata kushoto, breki mpaka chini, gari likainama na kukaa kimya. Dumu moja likapasuka, lingine likabiringika gizani likimwaga maji. Punda hakuguswa, mama hakuguswa. Sijui kwa nini.

Mjomba akashuka anatetemeka. "Yeyo, samahani sana."

Mama akatazama zile taa mbili, akatutazama sisi. "Gari yenu ni kipofu?"

Hakuna aliyejibu. Maji yale alikuwa ameyafuata tangu mchana. Tulimpa maji yetu ya kunywa yote, akayapokea bila kusema kitu, akaswaga punda zake akapotea.

Tukalala humo humo ndani. Asubuhi nikashuka kujisaidia, na hatua tatu mbele ya tairi nikakuta korongo la kumeza mtu na nusu. Nikarudi ndani ya gari nikakaa. Haja yenyewe ilikuwa imepotea.

Ngare Sero ikasubiri, tukarudi Mto wa Mbu. Wa kwanza kutupokea alikuwa muuza spea. "Bosi, weka balbu za wati 100, utaona mpaka Kenya!" Mjomba akataka kutoa hela. Fundi umeme, kijana mwembamba mwenye kaptula, akamzuia: "Mzee, utachoma gari."

Akatuonyesha. Balbu za kawaida za gari hilo ni wati 55 kwenye dimu na wati 60 kwenye fulu. Balbu mbili kwenye fulu ni ampea 10. Kwa mpango wa zamani umeme wote huo unatoka kwenye betri, unaingia ndani mpaka kwenye swichi ya usukani, ndipo unarudi mbele kwenye taa, kwa waya mwembamba wenye umri wa babu. Ukitia wati 100, ampea zinakaribia 17, na swichi inaanza kunuka.

Akawasha injini, akapima. Kwenye betri volti 13.8. Nyuma ya balbu volti 11.4. Mimi nikaona tofauti ndogo, akacheka. Volti zikishuka kidogo, mwanga unashuka sana. Hapo tulikuwa tumepoteza karibu nusu. Balbu zilikuwa nzima kabisa, zilikuwa na njaa tu.

Dawa ni rilei mbili, moja ya dimu, moja ya fulu. Rilei ni kama mlinzi wa geti: swichi inampigia filimbi tu, geti anafungua yeye. Umeme wa taa ukatoka moja kwa moja kwenye betri kwa waya mnene, fyuzi zikawekwa karibu na betri, usisahau hizo. Waya wa ethi nao akautupa. Land Rover bodi yake ni ya aluminiamu, na pale skrubu ya chuma ilipokaza waya palikuwa pameota unga mweupe. Akavuta waya mpya mpaka hasi ya betri.

Halafu akagundua kubwa zaidi. Vioo vya taa, alivyotununulia mtu sijui wapi, vilikuwa vya nchi zinazoendesha kulia. Dimu yake inanyanyuka upande wa kulia, yaani machoni mwa anayekuja, na kushoto, anakopita mama na punda wake, giza. Tukabadilisha vyote viwili.

Mwenzetu wa saluni akauliza habari za LED. Fundi akasema ukiitia kwenye kioo kilichotengenezwa kwa balbu ya kawaida, mwanga unatawanyika hovyo, na kwenye vumbi unajiona umesimama mbele ya shuka jeupe. Taa za juu ya paa nazo, vumbi likinyanyuka, zinakurudishia mwanga usoni. Picha zinatoka nzuri lakini.

Mwisho akatuingiza wote garini na mizigo, maana gari likibeba nyuma, pua inanyanyuka. Ukuta wa gesti mita 5 mbele, akashusha dimu mpaka ikakaa sentimita 5 au 6 chini ya usawa wa taa zenyewe. Gharama yote, mbuzi mmoja wa kawaida.

Tukanunua madumu mawili mapya, tukaondoka tena jioni. Safari hii kwa makusudi, Mjomba alitaka kuona. Makorongo tuliyaona kingo zake kutoka mbali, majani ya kushoto tuliyahesabu. Karibu na pale pale, macho manne ya kijani yakawaka mbele yetu, mbali kabisa, Mjomba akasimama taratibu. Ni yeye. Akaja amejifunika uso kwa shuka, akapokea madumu, akayagonga kuona kama ni mazima.

"Sasa inaona," akasema. "Zima basi, mnawatisha punda."

Mjomba akaweka dimu.