Mikunde Kati ya Mizabibu
Maisha yangu ya kazi yamepita kwenye mashamba ya mizabibu ya Dodoma, na neno ninalotaka kuwaachia wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Makutupora ni hili: nafasi kati ya safu na safu isiachwe tupu. Tumelelewa kuamini kwamba shamba zuri ni lililopaliliwa likang'aa, na mwenye majani shambani huitwa mvivu. Lakini mvua yetu ni takribani milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, tena hushuka kwa kishindo. Matone yakipiga udongo mtupu, chembe laini huziba vitundu vya juu. Jua likiwaka, hufanyika gamba gumu, na mvua inayofuata badala ya kuzama hukimbilia korongoni na samadi yetu. Palipofunikwa na kunde au fiwi, maji huzama.

Wanaopinga husema mikunde itanyang'anya mzabibu maji hayo hayo machache. Hoja yao ina uzito, hasa kwetu. Italia na Ufaransa mzabibu hulala wakati wa baridi, na mimea ya kufunika udongo inaweza kukua ukiwa umelala. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Unaoamsha machipukizi ni mkasi wa kupogolea, ndiyo maana tunavuna mara mbili, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Mvua hunyesha mti ukiwa na mzigo. Kwa hiyo tusiige kalenda ya Ulaya, tufuate mkasi. Mikunde ipandwe mvua zikishashika, katikati ya safu tu, mashina yaachiwe nafasi. Ikianza kutoa maua ikatwe chini na kulazwa palepale. Kabla ya kukata, ng'oa mche mmoja kwa taratibu, pasua kwa ukucha vile vinundu vya mizizini: vikiwa vyekundu ndani, vinafanya kazi ya kunasa naitrojeni ya hewani. Mabaki hayo huoza wakati udongo ungali na unyevu, na tunapopogoa mwishoni mwa mvua, machipukizi mapya hukuta chakula. Yasiyooza hukinga udongo dhidi ya jua la kiangazi. Mbaazi siipendekezi: hudumu hadi kiangazi ikiendelea kunywa, na urefu wake huzuia hewa ambayo mzabibu unaihitaji dhidi ya ubwiri. Marejea ni nzuri, ila ikatwe mapema kwa sababu hiyo hiyo ya urefu.

Wapo pia wanaohofia kwamba matandazo hayo yataita mchwa. Yasigusane na shina, basi. Hata mashamba yaliyofagiliwa huliwa na mchwa. Gumu zaidi ni tumbo, maana mwenye ekari moja hawezi kuambiwa akate kunde kabla hazijazaa. Achume majani machanga kwa mboga, na safu za pembeni aziache zikomae. Zilizobaki azikate, kwa sababu mmea ukizaa huhamishia sehemu kubwa ya naitrojeni yake kwenye punje, na punje hizo huondoka shambani.