Subira Haimfichi Tabibu

Katika upasuaji wa kupandikiza mfupa, jeraha linalomtesa mgonjwa mara nyingi si lile lililompeleka hospitali. Mdogo wetu alivunjika muundi katika ajali ya bodaboda, na miezi ikapita mfupa haujaunga. Madaktari wakaamua kuchukua kipande cha mfupa wa nyonga yake mwenyewe, ule ukingo tunaoushika tunapojishika kiuno, wakijazie katika pengo la muundi. Mfupa wa mtu mwenyewe una chembe hai, na mwili wake haumkatalii. Lakini nyonga huidai gharama yake. Misuli ya tumbo na ya paja imejishikiza papo hapo, hivyo kukohoa, kugeuka kitandani, hata kucheka, huvuta kidonda.

Kwa ajili hiyo daktari wa ganzi alishauri mrija. Kabla ngozi haijashonwa, mrija mwembamba uliachwa ndani, karibu na mahali mfupa ulipokatwa. Ncha ya nje iliunganishwa na kichupa chenye puto lililojazwa dawa ya ganzi iitwayo bupivakaini. Puto husinyaa polepole na kuisukuma dawa kidogo kidogo, mchana na usiku, bila kutegemea umeme (nasi twajua umeme wetu). Dawa huifunga njia ya neva pale pale jerahani, habari ya maumivu isifike ubongoni, na akili hubaki timamu. Dawa kali za jamii ya mofini zina nafasi yake, naye alipewa, ila huleta usingizi, kichefuchefu na choo kigumu. Mrija ukifanya kazi vizuri, hitaji la dawa hizo hupungua.

Usiku wa kwanza muuguzi alimwuliza, "Kaka, maumivu ni ngapi, kuanzia sifuri hadi kumi?"

"Alhamdulillah."

"Alhamdulillah, kaka. Lakini nahitaji namba."

"Alhamdulillah, dada. Hali njema."

Waliokuja kumjulia hali jioni ile walikuwa wameisifu subira yake, na sifa hizo zilikuwa zimemfunga mdomo. Mama yetu ndiye aliyeitazama mikono yake: alikuwa amekishika chuma cha kitanda kwa nguvu zote. "Mwanangu, usimfiche. Huyu ndiye anayekutibu."

Akasema, nane. Muuguzi akafunua shuka, akakuta mrija umejikunja chini ya plasta na dawa haipiti. Ukanyooshwa, daktari akaitwa akaongeza dawa, na baada ya muda namba ikashuka hadi tatu.

Twaona fikra hii imeenea miongoni mwetu, kwamba kuyataja maumivu ni upungufu wa subira. Hatudhani ina msingi. Ibn Mas'ud (r.a.) alipomzuru Mtume (s.a.w.) katika ugonjwa na kuona ukali wa homa yake, Mtume hakuificha, alimweleza kuwa homa yake ni ya kiasi cha watu wawili. Alitaja na kipimo. Kuinung'unikia kadari ni jambo moja, na kumpa tabibu habari za mwili ni jambo jingine kabisa.

Tena kunyamaza kuna hatari iliyo kubwa kuliko maumivu. Dawa ya ganzi ikizidi katika damu, dalili za mwanzo ni mgonjwa pekee azijuaye: midomo kufa ganzi, masikio kuvuma, ladha ya chuma kinywani, kizunguzungu. Zikipuuzwa, degedege laweza kufuata, na moyo kusimama. Tuliagizwa pia asiende msalani bila kushikwa, kwani paja laweza kulegea. Na chupa ya maji ya moto aliyoileta Mama kwa ajili ya kumkanda ilirudishwa nyumbani, kwa kuwa ngozi iliyokufa ganzi huungua bila kujua.

Siku ya tatu mrija ulivutwa, ukatoka mzima pasipo kukatwa kitu, akaendelea na vidonge. Sala zake alikuwa akizisali akiwa ameketi. Nyonga bado humchoma apandapo ngazi, na muundi unangoja picha nyingine ya eksirei. Katika ratiba ya kuwazuru wagonjwa, kamati yetu ya msikiti imeongeza swali moja la kumwuliza kila mgonjwa baada ya dua: je, muuguzi umemwambia namba yako?