Nilisaini Kwamba ni Maji

Karatasi ya ukaguzi ilikuwa na orodha ya kuweka alama ya vema, na mojawapo ya vipengele ilikuwa hii: rejeta ina maji matupu, haina kulanti ya glaikoli. Nikaweka vema, nikatia saini, nikaandika na tarehe. Nilijua si kweli. Naanzia hapo kwa sababu kisa hiki nimeshakisimulia nikianzia kwenye mpira wa rejeta uliochomoka, na kila nikianzia kwenye mpira watu hunipa pole.

Pikipiki yenyewe ni Kawasaki Ninja 300, silinda mbili, cc 296. Niliinunua huku California, ninakoishi nikiendesha malori, baada ya Kawasaki kuleta Ninja 400 mwaka 2018 na bei za hizi ndogo kushuka. Kwa kujifunzia mbio ni chombo kizuri mno. Nguvu zake hazifiki farasi 40, kwa hiyo ukikosea kona hakuna mahali pa kufidia. Barabara iliyonyooka haikusaidii. Nilikusudia kuhudhuria siku za mazoezi uwanjani, zile ambazo unalipa kiingilio, unapangwa kwenye kundi la uwezo wako na hakuna anayeshindana na mwenzake, kisha nijiandikishe katika mbio za ridhaa za AFM, klabu ya kaskazini mwa California iliyoanza mwaka 1954.

Kitu cha kwanza kununua kilikuwa egzosi. Cha pili kilikuwa kifaa cha kurekebisha mafuta, kwa sababu egzosi mpya bila kifaa hicho ni kelele tu. Baadaye nikaingia kwenye mambo ya maana kidogo: springi za shokapu za mbele, maana za kiwandani ni laini na ukishika breki kwa nguvu pua inazama yote; brekipedi kali; mipira ya breki iliyovishwa nyaya za chuma. Hayo sijutii. Nilifika hadi ya kumwomba jirani anishikie pikipiki nimekaa juu yake na suti ya ngozi na helmeti, barazani, ili nipime springi zinazama milimita ngapi kwa uzito wangu. Jirani alidhani nimechanganyikiwa, lakini tulipima.

Kazi zilizobaki nilizidharau, nikaziona za karani. Kuondoa saidi mira na indiketa. Kubandika plasta kwenye taa ili kioo kikivunjika kisisambae. Kutoboa bolti na kuzifunga kwa waya: ya kumwagia oili, kifuniko cha oili, filta, na za kalipa za breki. Kumwaga kulanti. Kuvua kava za barabarani na kuvalisha za mbio, ambazo chini zina beseni la kudaka oili na maji injini ikipasuka. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayokuongezea kasi. Egzosi ni yako, springi ni zako, breki ni zako. Waya, plasta, beseni na maji ni vya yule anayekuja nyuma yako, ambaye pengine humjui. Mimi niliiandaa ile pikipiki kana kwamba uwanja mzima nitakuwa peke yangu.

Kuhusu kulanti nieleze kidogo, maana wengi hudhani ni sheria ya kusumbua watu tu. Maji yakimwagika kwenye lami ya juani yanakauka upesi. Glaikoli huchemka kwenye nyuzi 197 za Selsiasi, kwa hiyo haina haraka ya kwenda popote. Inakaa pale pale, na tairi ikiikanyaga wakati pikipiki imelala kwenye kona, basi. Chukua tone, lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada, utasikia uteute. Ndiyo maana mkaguzi mwenye uzoefu huchovya kidole kwenye rejeta badala ya kukuuliza. Uwanjani tunatumia maji yaliyokenekwa, haya ambayo nyumbani ni maji ya betri, na anayetaka anaongeza dawa isiyo na glaikoli kama Water Wetter. Nami nimekulia Tanga, ambako rejeta ya gari la baba ilijazwa maji ya bomba kwa kopo la Blue Band. Kulanti nimeijulia ukubwani, halafu nikashindwa kuiacha.

Usiku wa kuamkia siku ya mazoezi niliyotilia saini ile karatasi nilimpigia simu mdogo wangu, fundi gereji huko huko Tanga. Kwao kulikuwa kumeshakucha.

"Shikamoo kaka. Hujalala tu?"

"Marahaba. Namwaga maji ya rejeta. Nimefungua bolti ya chini, yametoka yote."

"Yametoka ya rejeta. Ya kwenye bloku bado yamo. Jaza maji, washa mpaka themostati ifunguke, zima, iache ipoe, mwaga tena. Hivyo hivyo mpaka yatoke meupe. Na kale kachupa ka akiba usikasahau."

"Sawa."

"Kaka, usiniambie sawa tu."

Nilimwambia sawa tu. Bado nilikuwa na stika za namba za kubandika, na stika zikipinda unaonekana mgeni. Nikachomoa mpira wa chini wa rejeta ili maji yashuke haraka, nikajaza, nikawasha, nikamwaga. Yakatoka kijani hafifu. Ningerudia. Sikurudia. Nikaurudisha mpira, nikakaza klipu kwa bisibisi chini ya mwanga wa simu, nikajaza maji juu ya yale yaliyobaki, nikaenda kubandika stika. Kachupa ka akiba sikukagusa.

Asubuhi niliegesha karibu na dada mmoja mwenye Yamaha R3. Alikuja kuitazama kazi yangu ya waya akacheka, si kwa ubaya. Waya unatakiwa uvute bolti kuelekea upande wa kukaza. Wangu wa bolti ya oili ulikuwa unavuta upande wa kufungulia, yaani pambo. Akanipa koleo lake la kusokotea, akasimama hapo mpaka nikamaliza kuufunga upya. Akauliza kama maji nimebadilisha. Nikamjibu ndiyo. Kwa hiyo siku ile nilidanganya kwa kalamu, kisha kwa mdomo, kabla hata injini haijapata moto.

Baada ya chakula cha mchana, nikiwa nakaribia mwisho wa mzunguko, harufu tamu ikaingia ndani ya helmeti. Dereva wa malori hahitaji kuelezwa hiyo ni harufu gani. Mguu wa kulia ukaanza kuteleza kwenye kikanyagio. Katika maelekezo ya asubuhi tulikuwa tumeambiwa waziwazi: ukihisi chombo chako kinavuja, inua mkono, toka kwenye ile njia ambayo kila mtu anapita, simama kwenye majani, usubiri. Piti ilikuwa mbele, kona chache tu. Nikaendelea. Tena sikupita pembeni. Nilipita kwenye njia ile ile nzuri niliyoifanyia mazoezi tangu asubuhi, nikalala kwenye kila kona kama nilivyofundishwa, nikainyunyizia.

Nilipoingia piti bendera nyekundu zilikuwa zimeshatolewa. Yule dada alikuwa amedondoka kwenye kona ya pili kutoka mwisho, tairi la mbele lilimponyoka alipoanza tu kulaza. Mtulinga ulivunjika. Wasaidizi walimwaga unga wa kunyonya, wakafagia, wakaosha, na watu wote waliolipia siku hiyo wakakaa kwenye viti vyao wakitazama saa.

Mkaguzi alikuja akainama chini ya pikipiki yangu. Water Wetter ina rangi ya waridi. Lililokuwa likidondoka kwenye kava zangu za barabarani, zisizo na beseni, lilikuwa la kijani. Alisugua tone kwenye vidole, akaninyooshea mkono nione, akaniambia nipakie nirudi nyumbani. Hakunipigia kelele.

Kwa waliouliza nilisema mpira umechomoka. Kweli ulichomoka. Jioni dada alinitumia ujumbe kutoka hospitali kwamba mashine ndivyo zilivyo, nisijilaumu. Nikamjibu pole sana. Nikaacha hivyo mpaka baridi ikapita. Fomu ya kukubali hatari tuliyoisaini sote ilinipa imani kwamba hakuna wa kunishtaki, na nikiri, niliisoma tena ili nihakikishe.

Nilipompigia hatimaye kumweleza, aliniacha nikamaliza. Akasema alijua tangu wiki ile ile. Mkaguzi alimwambia ilikuwa rangi gani. Swali lake halikuwa la kulanti. Aliuliza kwa nini sikutoka pembeni. Nikamwambia ukweli ambao hata mwenyewe nilikuwa sijautamka: sikutaka kuonekana nikibebwa na gari la kuokota walioharibikiwa, siku yangu ya kwanza kwenye kundi la kati.

Akanyamaza kidogo, kisha akanitajia kilichovunjika kwenye R3: mkono mmoja wa usukani, kikanyagio, kava za kulia zote. Niliuza ile egzosi, nikaongeza, nikalipia. Bili ya hospitali hakuniomba, nami sikujitolea.