Picha Moja kwa Siku Katika Vichochoro vya Mji Mkongwe

Mwenyeji wa Unguja huupita Mji Mkongwe bila ya kuutazama. Wageni ndio wanaoinua macho kuzitazama roshani. Sisi tunatazama chini, tusikanyage maji ya mtaro wala tusigongwe na vespa. Nimepita njia ile kwenda kazini kwa miaka mingi, na lau ningeulizwa mlango wa jirani wa Msikiti wa Malindi una nakshi ya aina gani, nisingekuwa na jibu.

Ndipo nilipojiwekea ahadi ya kupiga picha moja kila siku kwa muda wa mwaka mmoja. Sikuiita nadhiri, kwani nadhiri ina hukumu zake na si jambo la kuchezewa. Nilianza Muharram ya mwaka 1446, yaani Julai 2024, kwa simu ya kawaida, na nikajiwekea mipaka: Darajani hadi Forodhani, Malindi hadi Shangani. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hiyo mzigo ulikuwa mwepesi kidogo kuliko wa wenye kuhesabu kwa jua. Jambo lenyewe si geni duniani. Mmarekani Jamie Livingston alipiga picha moja ya Polaroid kila siku tangu 31 Machi 1979 hadi 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki.

Mwezi wa kwanza ni wepesi. Milango mikubwa na bahari ya Forodhani humaliza siku thelathini bila ya taabu. Mwezi wa pili mtu hurudi palepale, na hapo ndipo mji unapoanza kusema. Vitabu vya upigaji picha huonya dhidi ya jua la mchana. Waliovitunga hawakuishi katika kichochoro ambacho mtu akinyoosha mikono hugusa nyumba mbili. Humo jua la asubuhi haliingii kabisa; mwanga hushuka kutoka juu karibu na adhuhuri, hukaa kitambo kidogo ukutani, kisha huondoka.

Kisha kuna jambo la kibla. Makka na Zanzibar ziko karibu katika longitudo moja, kwa hiyo kibla yetu ni kaskazini, takriban sawasawa. Katika misikiti kadhaa ya Mji Mkongwe mihrabu hutokeza nje ya ukuta, nawe ukiwa njiani unaiona kama tumbo la mtungi. Mwezi wa Juni na Julai jua huwa upande wa kaskazini, na mgongo wa mihrabu hung'aa wakati wa adhuhuri. Desemba jua huwa limehamia kusini, na mgongo uleule huwa kivulini. Mwanzoni mwa Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua hupita utosini, na kichochoro hakina kivuli hata cha kumtosha paka. Nilikuwa nimesali katika misikiti hiyo tangu utotoni na sikupata kuliona hilo.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ina urefu wake. Ukuta wa chokaa hupumua. Palipozibwa kwa saruji unyevu hufungiwa ndani, na ukipiga picha ukuta mmoja kila wiki baada ya masika utaona plasta ikivimba kidogo kidogo. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 na Sultan Barghash, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili walifariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Jengo lile limepigwa picha na kila mgeni aliyefika bandarini. Nyumba za watu wa kawaida hazina bahati hiyo.

Katika mtaa ninaopita iko nyumba moja ya warithi wengi. Wakati wa masika kipande cha roshani yake kiliporomoka usiku. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Mzee wa nyumba alikuwa akiniona na simu yangu, akaniita. Nilikuwa na picha kumi na moja za roshani ile. Niliyoipenda mimi ni ya siku ya mvua, mbao zikimeremeta. Seremala aliitazama, akanirudishia simu. "Mwanangu, hii nzuri, lakini haina faida kwangu. Nipe ile ya alasiri, yenye kivuli." Kivuli ndicho kilichoonesha kina cha nakshi, naye akahesabu matundu kwa ncha ya penseli.

Lakini si kila kinachoonekana ni cha kupigwa picha. Wanazuoni wametofautiana kuhusu picha, na mwenye shaka amwendee mwalimu wake. Kuhusu sitara hakuna tofauti. Mlango ukiwa wazi, ua ulio ndani si wangu. Bibi mmoja wa Malindi alinifundisha kwa maneno machache: "Piga mlango, baba, lakini ningoje nipite kwanza." Nikangoja. Wenyeji wamechoshwa na kamera zinazoelekezwa usoni mwao wakiwa barazani, na mwenyeji mwenzao hana ruhusa zaidi ya mgeni. Siku za Ijumaa nilipiga makubazi yaliyopangana ngazini. Wenyewe walikuwa ndani.

Nasaha moja kwa atakayejaribu: safisheni picha kwenye karatasi. Simu huibiwa, huanguka majini. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930 mjini humu, na sura za Zanzibar ya kale tunazijua kwa kuwa picha zake zilihifadhiwa. Sisi nyumbani tulisafisha moja kwa wiki. Baada ya Isha binti yangu wa miaka tisa alichagua katika zile saba, na mara nyingi aliiacha ile ambayo baba yake alijivunia.

Muharram hii ameanza mwaka wake mwenyewe, kwa simu ya mama yake, na mpaka wake ni kichochoro kimoja tu. Siku ya kwanza alipiga mlango wenye misumari ya shaba. Alikaa kizingitini akihesabu vishimo: misumari tisa haipo.