"Outstanding" si sifa

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, nilikuwa nahangaika na programu ndogo niliyoandikia chama kimoja hapa Nchiru. Leo hakuna msimbo, kuna Kiingereza.

Programu yenyewe ni rahisi. Inaweka hesabu za akiba na mikopo, halafu kila mwisho wa mwezi inamtumia kila mwanachama SMS: "Your outstanding balance is Ksh 4,200." Nilijivunia sana ile sentensi. Niliona imekaa kibenki.

Jumatano mweka hazina akanipigia: njoo, kuna mama amekuja kuchukua pesa zake. Nikamkuta ameketi, simu mkononi, na ameshaahidi shule kwamba siku hiyo atamaliza karo ya mjukuu. Kwa zile 4,200. Ambazo kwa kweli alikuwa anadaiwa.

"Kijana wangu, hebu soma hapa," akaniambia. Akafungua ujumbe wa M-Pesa. Hapo "balance" ni pesa zilizobaki kwake. Akafungua wangu: "balance" ileile. Na "outstanding" je? Mjukuu ndiye aliyemsomea, na yeye neno hilo analijua kutoka ripoti ya shule, mwalimu humwandikia mtoto aliyewapita wenzake. Basi mama akaelewa kwamba akiba yake imefanya vizuri mno. Jamani, amekosea wapi?

Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu. Usiku nikafungua WordNet, ile hazina ya maneno ya Kiingereza iliyoanzishwa mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, chini ya George Miller. Toleo la 3.0 la mwaka 2006 lina maneno zaidi ya 155,000, yamepangwa katika mafungu ya visawe zaidi ya 117,000. Nomino, vitenzi, vivumishi na vielezi, kila aina na mahali pake. Neno moja likiwa na maana tano, linaingia katika mafungu matano. "Outstanding" ya kusifu iko fungu moja, "outstanding" ya deni iko jingine, pamoja na "owing". Kompyuta imetenganishiwa. Mama wa Nchiru alitenganishiwa na nani?

Wazo la kwanza lilikuwa kutafsiri tu: "Salio lako ni Sh 4,200." Lakini hapo nimehamisha shida ileile. Salio la akaunti ni lako, salio la mkopo unadaiwa. Hata "kuazima" kwetu ni kuchukua na pia ni kutoa!

Ndipo nikaona kosa langu halikuwa lugha wala kisawe. Lilikuwa aina ya neno. "Balance" hapo ni nomino, na nomino inaweza kukaa peke yake bila kusema nani anampa nani. Kitenzi hakikuachi hivyo, kinataka mtenda na mtendwa. Kiswahili kinakulazimisha zaidi, maana viambishi vimo ndani ya neno lenyewe: *ninakudai* na *unanidai* haviwezi kuchanganywa hata na mtoto.

Nikafuta, nikaandika: "Unadaiwa na chama Sh 4,200." Kwa wanaotaka Kiingereza: "You owe the group Ksh 4,200." Nikapitia ujumbe wote wa programu, nikakuta "due", "advance" na "credit". Zote zikaondoka.

Karo? Shule ilikubali kungoja, na chama kikamwongezea mama muda wa kulipa. Lakini ile safari ya kwenda shuleni kusema "sina" aliifanya yeye, sikuifanya mimi.

Mwisho wa mwezi nilimpelekea ujumbe mpya nikamwuliza kama sasa unaeleweka.

"Huu nimeuelewa," akasema. "Siupendi, lakini nimeuelewa."

Ndugu zangu mnaoandika programu, fungueni SMS zenu leo mzisome kama yule mama. Tuonane tena.